Tiketi, bisi, matangazo au kukodisha ukumbi: sinema ndogo ianzie wapi?

Mwenye sinema ya kumbi mbili au tatu mara nyingi ana fedha ya kuboresha jambo moja tu kwa mwaka. Anunue projekta ya leza ili picha ing'ae na tiketi ziuzike? Apanue kaunta ya vitafunwa? Aajiri mtu wa kuzungukia kampuni akitafuta matangazo? Au afungue milango asubuhi, saa ambazo viti havina mtu, akodishe ukumbi? Wengi huchagua kwa kutazama mauzo, na hapo ndipo wanapoumia. Mauzo ya tiketi huonekana makubwa kuliko yote, lakini sehemu nene ya fedha hiyo inapita tu mikononi mwa mwenye sinema ikielekea kwa mwenye filamu. Cha kulinganisha ni kile kinachobaki cha kulipia pango, umeme na mishahara. Hicho ndicho kinachotengeneza faida ya uendeshaji.

Vipimo vinavyotumika hapa

Kila chanzo kinapimwa kwa mambo yaleyale: kinabakisha nini baada ya kodi na gharama zinazopanda pamoja na mauzo, fedha yake huingia lini, nani ameshika usukani, wewe au mtu mwingine, na ni nini huharibika. Kisha, kinamfaa nani.

Kabla ya kuingia ndani, tazama hesabu za AMC, kampuni ya Marekani yenye sinema nyingi, ambazo ziko wazi kwa kuwa hisa zake huuzwa sokoni New York. Mwaka 2019, wa mwisho kabla ya korona, iliuza kwa takriban dola bilioni 5.47. Tiketi zilileta bilioni 3.30, chakula na vinywaji bilioni 1.72, na mengineyo, yakiwemo matangazo na ada za tiketi za mtandaoni, milioni 450. Ukiishia hapo utasema tiketi ni karibu mara mbili ya chakula. Lakini wenye filamu walichukua takriban bilioni 1.70 kutoka kwenye tiketi, ilhali bidhaa za kaunta ziligharimu kama milioni 279 tu. Toa: tiketi ziliacha bilioni 1.60, kaunta bilioni 1.44. Mauzo ya kaunta ni kama nusu ya yale ya tiketi, lakini mabaki yanakaribiana.

Mwaka 2023 watazamaji walikuwa wachache mno kuliko 2019, lakini kila mmoja alitumia zaidi kwenye kaunta: kutoka chini kidogo ya dola 5 kwa kichwa hadi takriban dola 7. Sehemu ya chakula katika mauzo ya AMC ikapanda kutoka asilimia 31 hadi karibu 35. Sinema ya Dar es Salaam au Mombasa haina ukubwa huo, ila mpangilio wa fedha ni uleule.

Tiketi

*Kinachobaki.* Tuseme tiketi ni sh 10,000 na VAT ya asilimia 18 imo ndani. Kodi ikitoka zinabaki sh 8,475. Msambazaji, yaani anayekuletea filamu kwa niaba ya mwenye filamu, akichukua nusu, unabaki na sh 4,237. Mgawo wake haukai palepale. Filamu kubwa za Marekani huanza juu wiki ya kwanza, wakati mwingine kupita nusu huko kwao, kisha hushuka wiki kwa wiki. Kwa filamu za Kihindi, ambazo zina watazamaji wa kudumu katika miji yetu ya pwani, kipimo kizuri ni makubaliano ya India ya mwaka 2009 yaliyomaliza mgomo wa watayarishaji dhidi ya sinema kubwa: asilimia 50 wiki ya kwanza, 42.5 ya pili, 37.5 ya tatu, na 30 ya nne. Kwa kiwango cha wiki ya tatu, tiketi ileile ya sh 10,000 inakuachia sh 5,297. Ndiyo maana filamu inayodumu wiki nne ikiwa na watu wa wastani huweza kukufaa kuliko ile inayojaza ukumbi siku tatu na kupotea.

*Fedha huingia lini.* Leo hii, taslimu au kwa simu, na msambazaji hulipwa baadaye. Uzuri huo una mtego wake. Fedha ya msambazaji na ya kodi ikikaa akaunti moja na yako, itatumika kulipa mishahara, na filamu kubwa inayofuata utanyimwa kwa sababu ya deni. Fungua akaunti tofauti, na kila Jumatatu uhamishie humo sehemu yao.

*Usukani.* Ni mdogo kuliko unavyodhani. Msambazaji ndiye anayeamua tarehe, idadi ya shoo kwa siku, na mara nyingi anadai ukumbi wake usichanganywe na filamu nyingine wiki ya kwanza. Wengine huweka bei ya chini kabisa ya kuhesabia mgawo wao: ukiuza tiketi ya Jumanne kwa nusu bei, yeye anahesabu kama umeuza kwa bei ile ya chini, na punguzo lote linakuangukia wewe. Soma kifungu hicho kabla ya kutangaza ofa. Tiketi za bure nazo zina idadi inayoruhusiwa.

*Kinachoharibika.* Filamu huja imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaotambua kifaa kimoja tu na kipindi maalumu. Ukibadilisha seva au kifaa cha ndani ya projekta bila kumwarifu msambazaji, ufunguo haufungui, na ukumbi uliojaa unarudishiwa fedha. Pakia na jaribu filamu siku moja kabla, wakati ofisi ya anayetoa funguo bado iko wazi. Jambo la pili ni umeme. Projekta ya taa ya zenoni ikizimika ghafla, feni husimama taa ingali na moto na umri wake hupungua, kwa hiyo UPS ibebe projekta na seva hadi jenereta ishike. Taa hizo hudumu saa mia kadhaa hadi elfu mbili tatu kulingana na ukubwa wake, wakati leza huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya saa. Leza ni ghali siku ya kununua, lakini inakuondolea manunuzi ya taa na ile hali ya picha kufifia pole pole bila mtu kugundua.

*Inamfaa nani.* Anayeanza na hana watu bado, na aliye peke yake mjini na filamu mpya. Pasipo wanaoingia kutazama, kaunta na matangazo havina wa kumuuzia.

Kaunta ya vitafunwa

*Kinachobaki.* Bisi za sh 5,000, VAT ikitoka, ni sh 4,237. Bidhaa yenyewe pamoja na kopo ikichukua hata asilimia 20, zinabaki sh 3,390. Linganisha: tiketi ya sh 10,000 iliacha 4,237, na kopo la nusu ya bei hiyo limeacha 3,390. Mishahara ya wahudumu bado haijatolewa, lakini hao utawalipa wateja wakinunua au wasinunue.

Siri iko kwenye mahindi yenyewe. Kilo moja ya mahindi mazuri ya bisi hutoa takriban lita 40. Gunia la kilo 25 ni lita 1,000, yaani ndoo 400 za lita mbili na nusu kabla ya hasara. Kopo tupu mara nyingi linagharimu zaidi ya bisi zilizomo. Kwa hiyo hesabu ya kaunta haifanywi kwa kupima mahindi bali kwa kuhesabu makopo. Kila zamu inapokea makopo ya kila ukubwa kwa idadi na kusaini. Mwisho wa zamu, makopo yaliyopungua lazima yalingane na risiti za mashine. Makopo yaliyoharibika yasitupwe, yarudishwe yahesabiwe. Wizi wa kaunta kwa kawaida ni kopo lililotumika mara ya pili, au mteja kupewa kubwa na risiti ikasoma dogo.

*Fedha huingia lini.* Papo hapo, na muuzaji wa jumla anaweza kukukopesha wiki mbili.

*Usukani.* Wako mtupu. Bei, ukubwa na vifurushi unaamua wewe, na msambazaji hana mgawo hapa.

*Kinachoharibika.* Foleni. Watu wengi hununua katika dakika ishirini kabla ya filamu. Kumbi tatu zikianza saa moja kamili zote, foleni inafika mlangoni na wengi wanaingia ndani bila kununua. Achanisha muda wa kuanza kwa dakika 15 hadi 20, na uwe na bisi za kwanza tayari kabla ya wimbi. Kisha unyevu. Mahindi ya bisi hupasuka vizuri yakiwa na unyevu wa asilimia 13 hadi 14. Gunia likiachwa wazi kwenye chumba chenye kiyoyozi hukauka, na mbegu zisizopasuka huongezeka chini ya sufuria. Hamishia kwenye ndoo zenye kifuniko. Pwani shida hugeuka: bisi zilizokwisha kupasuka hunyonya hewa na kulegea, hivyo pika kidogo kidogo kwa kadiri ya tiketi zilizouzwa. Mafuta yawe sehemu moja kwa mahindi sehemu tatu. Yakipungua bisi huungua, yakizidi kopo linalowa na mteja anakumbuka.

Bei nayo ina kikomo. Ukiipandisha mno, wateja wataleta vya kwao ndani ya mikoba, na mlinzi anayepekua mikoba ya familia anakupotezea zaidi ya soda moja. Weka kifurushi kidogo cha bei rahisi, bisi ndogo na maji, ili asiyeweza ndoo kubwa asitoke mikono mitupu.

*Inamfaa nani.* Mwenye watazamaji tayari lakini chini ya nusu yao ndio wanaonunua. Hesabu risiti za kaunta dhidi ya tiketi kwa mwezi mzima kabla ya kuamua.

Matangazo ya kwenye skrini

*Kinachobaki.* Karibu chote, ukitoa VAT na kamisheni ya wakala, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 15. Kuonyesha tangazo moja zaidi hakuongezi umeme wala mshahara.

*Fedha huingia lini.* Hapa ndipo pagumu. Kampuni kubwa hulipa baada ya siku 60 au 90, na baada ya kudaiwa. Ukiwa umeshatoa risiti ya kodi mwanzoni, unaweza kujikuta unalipa VAT ya fedha ambayo hujaiona. Dai nusu kabla ya tangazo kupanda.

*Usukani.* Wa pamoja. Mtangazaji hununua watu, si ukuta. Atataka ripoti ya mahudhurio kwa kila ukumbi na kila shoo, na idadi ikishuka ataomba bei ishuke. Marekani, kampuni ya matangazo ya sinema National CineMedia iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Aprili 2023, baada ya miaka ya kumbi kutojaa.

*Kinachoharibika.* Sauti na muda. Tangazo lililotengenezwa kwa ajili ya televisheni likipandishwa kwenye spika za sinema bila kurekebishwa hupiga kelele za kuumiza masikio. Kipimo cha kimataifa cha ukali wa sauti ni 82 Leq(m) kwa matangazo na 85 kwa vionjo vya filamu. Mpe mtangazaji sharti hilo kwenye mkataba. Matangazo yote yakizidi dakika kumi hivi, watu hujifunza kuchelewa, na anayechelewa anaipita kaunta mbio. Utakuwa umeuza sekunde thelathini ukapoteza bisi.

*Inamfaa nani.* Mwenye mahudhurio ya kudumu katika eneo ambalo benki, kampuni za simu na maduka ya jirani wanataka kufika. Kwa ukumbi mmoja mji mdogo, anza na maduka ya jengo hilohilo.

Kukodisha ukumbi na maonyesho maalumu

*Kinachobaki.* Kingi, ilimradi unakodisha saa zisizo na filamu. Asubuhi za kazi kwa semina na uzinduzi wa bidhaa, Jumapili asubuhi kwa ibada, alasiri kwa shule na siku za kuzaliwa. Bei ya chini kabisa iwe jumla ya umeme wa kiyoyozi (kipoe saa moja kabla), wahudumu, usafi wa ziada, pamoja na kile ambacho shoo iliyosogezwa ingebakisha, kama ipo. Uzinduzi wa filamu za nyumbani uko hapa pia: mtayarishaji hukodi au mnagawana mlango kwa makubaliano, na wageni wake hununua soda.

*Fedha huingia lini.* Kabla ya tukio, ukiwa na msimamo. Nusu ya bei ilipwe kama amana siku ya kuhifadhi tarehe, iliyobaki kabla ya mlango kufunguliwa.

*Usukani.* Wako, isipokuwa wiki za mwanzo za filamu kubwa ambapo mkataba wa msambazaji unakufunga.

*Kinachoharibika.* Haki za kuonyesha. Mechi ya mpira kwenye skrini kubwa inahitaji kibali cha maonyesho ya hadhara. Kifurushi cha king'amuzi cha nyumbani hakikupi haki hiyo. Filamu za nchini nazo zipitie kwenye bodi ya filamu ya nchi yako kabla ya tangazo kutoka. Halafu mwingiliano: semina ya saa nne hadi saa saba ikichelewa nusu saa, shoo ya saa saba na nusu inaanza na sakafu chafu. Acha pengo la dakika 60, na uandike faini ya kuchelewa.

*Inamfaa nani.* Sinema iliyo katikati ya mji wa ofisi, vyuo na makanisa yasiyo na majengo.

Uanachama wa mwezi

Huu si wa kila mtu, lakini unaulizwa sana tangu UGC, kampuni ya sinema ya Ufaransa, ilipoanzisha kadi ya kutazama bila kikomo mwaka 2000. *Kinachobaki* hutegemea mara ngapi mwanachama anakuja. Kwa sh 30,000 kwa mwezi, VAT ikitoka zinabaki 25,424. Ukikubaliana na msambazaji kwamba kila ziara ihesabiwe sh 6,000 na achukue nusu, ziara nne zinakuachia 13,424. Ya tisa inakutia hasara upande wa tiketi. *Fedha* huingia mapema, na hilo ni zuri. *Usukani* uko kwenye yale makubaliano ya bei ya ziara: yasipokuwepo usianze. *Kilichowaharibu* wengine ni hicho. MoviePass ya Marekani mwaka 2017 iliuza uanachama kwa dola 9.95 huku yenyewe ikilipa sinema tiketi kwa bei kamili, na Septemba 2019 ikafunga. AMC ilipokuja na mpango wake Juni 2018 iliweka dola 19.95 na kikomo cha filamu tatu kwa wiki, tena kaunta ni yake. *Inamfaa* mwenye kumbi nyingi na viti vingi vitupu siku za kazi.

Faida ya uendeshaji: pango halisubiri watazamaji

Chukua kumbi tatu za viti 150, shoo nne kwa siku, siku 30: viti 54,000 kwa mwezi. Tuseme pango, mishahara, umeme, bima na matengenezo ni sh milioni 60. Nusu ya watazamaji wakinunua bisi za sh 5,000, kila kichwa kinabakisha 4,237 za tiketi na wastani wa 1,695 za kaunta, jumla 5,932. Unahitaji watu kama 10,100 ili usipate faida wala hasara, chini kidogo ya kiti kimoja kati ya vitano.

Ukiongeza wanunuzi wa kaunta kutoka nusu hadi asilimia 70, kila kichwa kinabakisha 678 zaidi, na unahitaji watu 9,100 tu. Ukiacha kaunta ilivyo na kupandisha tiketi kwa sh 1,000, kila kichwa kinaongeza 424 tu, kwa sababu kodi na msambazaji nao wamepanda, na huenda baadhi ya watu wasirudi. Weka namba zako halisi humo. Nafasi ya kila chanzo itajionyesha.

Kisha utazame mkataba wa pango. Mwaka 2020 mauzo ya AMC yalianguka kwa asilimia 77, lakini gharama ya pango vitabuni ilishuka kutoka takriban dola milioni 968 hadi milioni 884 tu. Omba pango la msingi dogo pamoja na asilimia ya mauzo, na kifungu kiseme mauzo hayo ni baada ya kutoa VAT na mgawo wa msambazaji. Vinginevyo utalipa asilimia ya fedha isiyo yako. Pango la dola wakati tiketi ni za shilingi ni hatari inayokua kimya kimya. Una hoja ya kudai nafuu: sinema huleta watu kwenye jengo usiku, maduka mengine yanapopoa.

Usichanganye pia faida ya uendeshaji na faida halisi. Mwaka 2019 AMC ilipata faida kwenye uendeshaji, lakini riba ya madeni ikala yote na mwaka ukaisha kwa hasara ya dola milioni 149. Ukikopa kununua projekta, panga marejesho juu ya kile kinachobaki miezi mibovu, hasa ile isiyo na filamu kubwa.

Kwa hali yako

Kama viti vinajaa chini ya kimoja kati ya vitano hata wikendi, shughulikia filamu, picha na sauti kwanza. Kaunta nzuri haitaleta watu.

Kama watu wapo lakini risiti za kaunta ni chini ya nusu ya tiketi, weka fedha kwenye sehemu ya pili ya kuhudumia, sufuria kubwa zaidi na kuachanisha muda wa shoo. Mara nyingi hata ukarabati hauhitajiki.

Kama wikendi zinajaa na siku za kazi ni jangwa, kukodisha asubuhi kunakufaa kuliko punguzo la tiketi, isipokuwa msambazaji amekubali kwa maandishi kushusha bei yake ya chini.

Kama una kumbi katika miji miwili au zaidi, matangazo yanaanza kuwa na maana kwa kuwa unaweza kuuza miji yote kwa pamoja. Mpe mtu mmoja kazi hiyo na kazi ya kudai malipo pia.

Na kama mkataba wa pango unakaribia kwisha, usinunue chochote kabla ya kukaa na mwenye jengo. Peleka mahudhurio ya miezi 12, yakiwa yamegawanywa kwa saa, ili aone watu unaomletea baada ya saa kumi na mbili jioni.